Trekta Porini: Uhakiki wa Lugha ya Maonyo

Katika kazi ya istilahi yako makosa ambayo madhara yake huishia mezani. Mwandishi akilikosea jina la chombo cha maabara, mwalimu atauliza, mhariri atasahihisha, na toleo la pili litatoka likiwa safi. Lakini yako maandishi mengine ambayo kosa lake haliwezi kungoja toleo la pili, kwa kuwa msomaji wake yu juu ya mashine inayokwenda. Vijitabu vya kuendeshea matrekta, pamoja na vibandiko vya maonyo vinavyobandikwa kwenye mashine zenyewe, ni maandishi ya namna hiyo. Tangu Kilimo Kwanza kilipotangazwa mwaka 2009, matrekta na pawatila zimezidi kuingia nchini kutoka India, China na kwingineko, na pamoja nazo zimekuja kurasa nyingi ambazo ilimbidi mtu fulani azigeuze kuwa Kiswahili, aghalabu kwa haraka, na bila ya kuonyeshwa kitu anachokiandikia.

Katika makala haya tunakusudia kuzihakiki tafsiri za namna hiyo kwa upande mmoja tu, nao ni ule unaohusu usalama wakati wa kufyeka na kung'oa pori zito kwa trekta. Tumeuchagua upande huo kwa sababu katika shamba lililokwisha kulimwa dereva huiona ardhi anayoikanyaga, lakini porini haioni. Mbele yake kuna nyasi zilizompita kimo, na ndani ya nyasi hizo mna visiki, vichuguu, mawe, mashimo ya mhanga na ya ngiri, na pengine mabaki ya seng'enge ya mtu aliyehama. Hapo anategemea mambo mawili: kupita kwanza kwa miguu mahali atakapopita kwa trekta, na kulielewa sawasawa onyo aliloandikiwa. Hatutawataja wafasiri wala vijitabu kwa majina, kwani kasoro tutakazozieleza zimeenea kiasi kwamba kumtaja mmoja kungekuwa ni kumwonea.

Tuanze na kosa ambalo kwa maoni yetu ndilo kubwa kuliko yote. Matrekta mengi ya siku hizi yana fremu ya chuma kizito iliyosimama nyuma ya kiti cha dereva au kukizunguka, yenye nguzo mbili au nne. Trekta likipinduka, fremu hiyo huupokea uzito wake na kuacha nafasi ambamo dereva aliyejifunga mkanda huweza kubaki hai. Uswidi ilikuwa nchi ya kwanza kuifanya ya lazima kwa matrekta mapya, mwaka 1959. Marekani iliweka kanuni kwa matrekta yanayoendeshwa na waajiriwa, ikiyahusu yale yaliyotengenezwa kuanzia mwishoni mwa mwaka 1976. Kwa hiyo matrekta ya zamani, kama vile Massey Ferguson 135 lililoanza kutengenezwa mwaka 1964, mengi yake hayana fremu hiyo.

Fremu hii imekuwa ikiitwa kwa Kiswahili "kizuizi cha kupinduka", au "kizuia-kupinduka". Aliyeiita hivyo aliliona neno la kupinduka na neno la kukinga yakiwa pamoja katika Kiingereza, akayaunganisha kama mtu anayeunganisha mabehewa. Lakini Kiswahili kina mantiki yake. Kizuizi cha mafuriko huyazuia mafuriko yasitokee. Kwa hiyo kizuizi cha kupinduka, kwa msomaji yeyote mwenye akili timamu, ni chuma kinachozuia trekta lisipinduke. Hiyo ni habari ya uongo, tena ni uongo unaotia ujasiri. Dereva aliyeisoma atapanda mteremko ambao jana aliuogopa, maana trekta lake jipya limewekewa kizuizi. Fremu haizuii trekta kupinduka hata kidogo. Inamkinga mtu baada ya trekta kupinduka. Istilahi yake haina budi kumtaja huyo anayekingwa. Sisi tunapendekeza "fremu ya kumkinga dereva", na pale ambapo nafasi ni finyu, kama kwenye kibandiko, "fremu-kinga".

Jambo hili halijaisha. Yako matrekta yaliyofungwa paa jembamba la bati au turubai juu ya vyuma vinne vyembamba, kwa ajili ya jua. Watu huliita "paa", nao wako sahihi. Lakini mfasiri anapoandika kwamba dereva asifanye kazi porini kwa trekta "lisilo na paa", huku kitabu cha asili kikimaanisha fremu-kinga, mwenye kivuli cha turubai atajihesabu kuwa ametimiza sharti. Isitoshe, liko paa la tatu, ambalo ndilo muhimu sana porini kuliko mahali pengine popote: paa la chuma lililojengwa ili kuhimili tawi au gogo linaloanguka. Mti mkavu ukisukumwa kwa chini, mara nyingi kilele chake hukatika kikaanguka upande wa anayeusukuma, na fremu ya nguzo mbili iliyo nyuma ya kiti haiwezi kulizuia tawi hilo. Basi tunavyo vitu vitatu, na kila kimoja kipewe jina lake: kivuli, fremu-kinga, na paa-kinga. Kukiita kivuli "paa la usalama" ni sawa na kuuza mwavuli kwa jina la nyumba.

Pamoja na fremu huenda mkanda, na hapa tafsiri fupi ndiyo yenye hatari zaidi. Kila msafiri wa basi anaijua amri ya "Funga mkanda", na wafasiri wameihamisha kama ilivyo hadi kwenye trekta. Katika trekta amri hiyo ina sharti ndani yake. Fremu ikiwa imesimamishwa, dereva ajifunge, kwa sababu asipojifunga atarushwa nje ya nafasi ile salama na pengine kuangukiwa na fremu yenyewe. Lakini fremu nyingine hukunjwa, ili trekta lipite chini ya miti au mlango wa banda. Ikiwa imekunjwa, au ikiwa trekta halina fremu kabisa, mkanda unamfunga mtu pale pale uzito unapoangukia. Vitabu vya asili hulieleza sharti hilo. Tafsiri nyingi zimelidondosha, bila shaka kwa kutaka ufupi. Tungependa kuona limeandikwa waziwazi: "Fremu ikisimama, funga mkanda. Fremu ikilazwa, usifunge; nawe usifanye kazi mahali pa mteremko." Ni maneno machache tu kuliko yaliyoandikwa.

Neno "kupinduka" lenyewe linastahili kutazamwa. Linafaa kama jina la jumla, lakini trekta hupinduka kwa namna mbili ambazo sababu zake hazifanani. Namna ya kwanza ni kulala ubavu: gurudumu la upande mmoja limepanda kisiki au kichuguu, au la upande wa pili limetumbukia shimoni. Namna ya pili ni kubinukia nyuma, nayo hutokea zaidi katika kung'oa visiki. Mnyororo ukifungwa juu, kwa mfano kwenye ekseli ya nyuma au kwenye kiungo cha juu cha kubebea zana, na kisiki kikakataa kutoka, magurudumu makubwa ya nyuma hukwama huku injini ikiendelea kuyasukuma. Kwa kuwa magurudumu hayazunguki, mwili wa trekta ndio unaozunguka: pua huinuka, na kwa muda usiotimia sekunde mbili trekta limemlalia dereva wake. Hakuna muda wa kuruka. Kinga yake ni kufunga mnyororo kwenye chuma cha kukokotea tu, kile kilicho chini kabisa nyuma ya trekta, na sio mahali pengine.

Lugha yetu ina "kubinuka" tayari, na kila mtoto aliyewahi kubinuka kichwa chini miguu juu anaelewa maana yake. Tunashangaa kwamba neno hilo halikutumiwa. Badala yake tunakuta "kupinduka kwa nyuma", maneno ambayo msomaji anaweza kudhani yanahusu sehemu ya nyuma ya trekta, au trekta linalorudi nyuma. Tunapendekeza "kulala ubavu" na "kubinukia nyuma".

Sasa tugeukie suala la jina la mashine yenyewe. Kiingereza huweza kutumia neno moja kwa mashine ya magurudumu ya mpira na kwa ile inayotembea juu ya minyororo ya chuma. Kiswahili hakifanyi hivyo. Sisi tunasema "trekta" kwa ile ya kwanza, na "katapila" kwa ile ya pili, na hakuna mkulima atakayezichanganya. Ni kweli kwamba katapila ni jina la kampuni ya Kimarekani iliyoundwa mwaka 1925, na kwa sababu hiyo baadhi ya wafasiri waangalifu hulikwepa wakaandika "trekta" kwa zote mbili, wakidhani wanatunza usanifu. Matokeo yake ni kwamba sura inayoeleza jinsi ya kusukuma na kuangusha miti, iliyoandikwa kwa ajili ya mashine nzito ya minyororo, inasomwa na mtu mwenye trekta la kulimia la magurudumu, naye anaona kwamba imeandikwa "trekta" na anakwenda kuujaribu mti. Neno ambalo watu wanalo, na linalotenganisha vitu viwili ambavyo havina budi kutenganishwa, lisifukuzwe kwa sababu ya ukoo wake. Mfano wa katapila unatosha kuwa hoja dhidi ya usafi wa lugha usio na macho.

Kutoka katapila hatuwezi kupita bila ya kugusa Kongwa. Mwaka 1946 ujumbe kutoka Uingereza uliizunguka Afrika Mashariki kwa muda wa wiki tisa, sehemu kubwa ukisafiri kwa ndege, ukapendekeza kwamba ekari zaidi ya 3,000,000, nyingi zake zikiwa Tanganyika, zifunguliwe kwa mashine ili kulimwe karanga. Kazi ilianza mwaka 1947. Katika mwaka huo ilikusudiwa kulimwa ekari 150,000, lakini zilizopatikana hazikufika sehemu yake ya kumi, na Januari 1951 Serikali ya Uingereza ikautangaza mpango huo kuwa umeachwa. Mashine nyingi zilikuwa masalio ya vita; nyingine, zilizopewa jina la Shervick, ziliundwa kutokana na vifaru vya aina ya Sherman. Ilibidi baadaye minyororo ya nanga za meli ifungwe kati ya katapila mbili na kuburutwa ili kuiangusha miti. Nyuki waliokaa katika mibuyu waliwashambulia madereva.

Hatusemi kwamba istilahi ndiyo iliyouangusha mpango ule. Udongo, mvua, mashine chakavu na papara vilitosha. Lakini inafaa mwanaistilahi akumbuke kwamba kwa mtu aliyekuwa angani, na hata katika karatasi za mipango, kile kilichosimama pale chini kiliitwa kwa neno moja la Kiingereza, ambalo linaweza kuwa nyasi za kufika kiunoni na linaweza kuwa mbuyu ambao watu kadhaa wakishikana mikono ndipo wauzunguke. Lugha yetu ni tajiri zaidi hapo. Tunayo nyika, pori, kichaka, mwitu na msitu, na kila moja linamwambia dereva kitu. Hata hivyo wafasiri wetu huandika "msitu" kwa kila mahali pasipolimwa, na kwa kazi yenyewe huandika "kusafisha". Kusafisha shamba, kwa mkulima, ni kupalilia au kuondoa mabua baada ya mavuno. Ukimwambia mtu akasafishe, umemwambia kazi ni nyepesi. Kazi tunayoizungumzia ina hatua zake, nazo zina vitenzi vyake: kufyeka, kukata, kuangusha, kung'oa, kusukuma na kukusanya, na mwisho kabisa ndiko kusafisha. Hatari za kufyeka sizo hatari za kung'oa, na kijitabu kinachotumia kitenzi kimoja kwa zote kitatoa onyo mahali pasipo pake.

Vile vile kuhusu uzito wa pori. Mashine za kufyekea hutengenezwa kwa madaraja: ziko nyepesi, za miti isiyozidi unene wa inchi 1, na ziko nzito za kufikia inchi 3 na zaidi. Mfasiri akiandika "vichaka vyepesi" na "vichaka vizito" hajasema kitu, kwani wepesi wa kichaka huamuliwa na anayekitazama. Kuandika sentimita 2.5 ni sahihi, lakini nani atashuka na rula? Unene wa kidole gumba, unene wa kifundo cha mkono: vipimo hivi dereva anatembea navyo, na havina ubaya vikiandikwa pamoja na sentimita. Yatupasa kuongeza kwamba baadhi ya watumishi wenzetu huona haya kuandika vipimo vya mwili katika maandishi rasmi. Haya hiyo haina msingi. Hatua, shubiri na dhiraa ni vipimo vya watu wastaarabu.

Mashine hiyo ya kufyekea tungependa iitwe "fyekeo la trekta". Fyekeo la mkono linajulikana, nalo la trekta linafanya kazi ile ile kwa visu vinavyozunguka chini ya sahani ya chuma. Wako wanaoliita "mkataji wa mzunguko". Hilo ni jina la mtu, tena mtu anayekata kitu kiitwacho mzunguko.

Kinacholizungusha fyekeo ni ile shafti itokayo nyuma ya trekta. Kwa Kiingereza inajulikana kwa herufi tatu, PTO, na madereva wetu huzitamka vivyo hivyo. Wafasiri wameiita "mtoa nguvu", "kitoa-nguvu", na hata "uchukuaji wa nguvu", ambao ungeweza kuwa jina la mapinduzi ya kijeshi. Kasoro ya majina haya yote ni moja. Neno "nguvu" ni pana mno, dawa ina nguvu na hoja ina nguvu, na wakati huo huo hayasemi kwamba kitu hicho kinazunguka. Kuzunguka ndiko kunakoua. Kwa kawaida shafti hiyo huzunguka mara 540 kwa dakika, na katika matrekta mengine mara 1,000. Mara 540 kwa dakika ni mara 9 kwa sekunde moja. Ikilishika pindo la kanga au mkono wa koti lililolegea, kwa sekunde hiyo moja imekwisha kuvuta kiasi cha mita 2 za nguo, na mwenye nguo pamoja nayo. Kwa hiyo jina lichukue kitenzi cha kuzungusha: "shafti ya kuzungushia zana". Ni refu, lakini likisemwa mara ya kwanza laweza kufupishwa kuwa "shafti ya zana".

Bomba la plastiki linaloifunika shafti hiyo mafundi huliita kava. Tumeona likiitwa "ngao", na tumesikia pia pendekezo la kuliita "ala", kwa kulifananisha na ala ya kisu. Pendekezo la pili ni zuri kwa sikio, na tulivutwa nalo. Lakini dereva tayari analo neno lake, na onyo si mahali pa kumfundishia jipya. Liwe "kava la shafti", na onyo liseme kwamba kava likivunjika kazi isimame mpaka litiwe jingine.

Tukifika kwenye visu tunakutana na tatizo jingine, la vitenzi viwili vinavyochukuliwa kuwa ni kimoja. Vijitabu husema dereva asilikaribie fyekeo kabla ya "kuzimwa". Sasa fyekeo huzimwa kwa kukata mzunguko wa shafti, lakini visu vyake ni vizito na huendelea kuzunguka kwa muda baada ya hapo. Mashine imezimwa, visu havijatulia. Kiswahili kinazo njia za kulitenga jambo hili vizuri kabisa, maana kuzima ni tendo la mtu na kutulia ni hali ya kitu. "Ngoja visu vitulie" ni sentensi ya maneno matatu ambayo hatukuiona hata mara moja katika kurasa tulizozisoma. Na anayetaka kuingia chini ya fyekeo ili kuondoa tawi lililokwama aambiwe pia kwamba asilitegemee fyekeo lililoinuliwa kwa haidroli peke yake, bali aliwekee magogo imara. Hilo aghalabu limeelezwa vyema.

Kisha vipo vile vinavyorushwa. Ncha ya kisu cha fyekeo hupita kwa mwendo uzidio kilomita 200 kwa saa. Ikigonga jiwe, kipande cha kisiki au uzi wa seng'enge, kitu hicho hutoka kama risasi. Tafsiri nyingi husema "jihadhari na vitu vinavyoruka". Vitu vinavyoruka ni ndege na panzi. Kitenzi hiki kimemwondoa mtendaji, na mtendaji akiondolewa, sababu nayo imeondoka. Msomaji haoni kwamba ni mashine yake mwenyewe inayorusha mawe. "Visu hurusha mawe na vipande vya miti" ni afadhali mara nyingi.

Na mawe hayo humpata nani? Hapa tunafika kwenye neno ambalo limetukera kuliko "mtoa nguvu". Watu wote walio karibu na trekta bila ya kuliendesha wameitwa "watazamaji". Pengine katika nchi ambako vitabu hivyo viliandikwa, anayesimama karibu na trekta huwa kweli anatazama. Kwetu sivyo. Trekta likiingia porini hufuatwa na akina mama wanaookota kuni nyuma yake, na watoto walioacha kuchunga, na mara nyingi kuna utingo aliyepanda juu ya bawa la gurudumu. Hakuna hata mmoja kati yao atakayejitambua katika neno "watazamaji". Mama mwenye mzigo wa kuni hatazami chochote, anafanya kazi. Onyo lisilomtaja halimfikii. Liandikwe "mtu yeyote", na panapowezekana watajwe: waokota kuni, watoto, utingo. Baadhi ya vitabu vya watengenezaji hutaka watu wakae umbali wa futi 300, yaani karibu mita 90. Mfasiri anaweza kuongeza kwamba huo ni urefu wa kiwanja cha mpira, goli hadi goli. Na kuhusu utingo, trekta lenye kiti kimoja ni la mtu mmoja. Anayeanguka kutoka kwenye bawa huangukia njia ya gurudumu la nyuma, na nyuma ya gurudumu kuna fyekeo.

Yaliyobaki yanahusu ujenzi wa sentensi. Liko kundi la wafasiri wanaoamini kwamba adabu ya maandishi rasmi ni kutumia "inashauriwa". Inashauriwa kwamba dereva asiondoke kitini wakati injini inanguruma. Anayeshauriwa ana hiari. Watengenezaji walipoandika pale walitoa amri, na Kiswahili kina amri nzuri ya kukataza, "usi-", isiyomvunjia mtu heshima. Ushauri uachiwe mambo ya ushauri, kwa mfano saa ya kuanza kazi. Kadhalika neno "hakikisha" limechoshwa. Sentensi kumi zinazoanza kwa "Hakikisha kwamba" hazimwambii mtu afanye nini kwa mikono yake.

Mpangilio wa vitendo nao umepinduliwa kwa kufuata Kiingereza. Tuchukue sentensi ya aina hii, tuliyoitunga ili kuonyesha mtindo: "Usiteremke kutoka kwenye trekta kabla ya kutoa ufunguo baada ya kuzima injini." Kila neno lipo mahali pake kisarufi, lakini dereva anayasikia mambo kwa kinyume: anateremka, ndipo anatoa ufunguo, ndipo anazima. Lugha yetu ina simulizi la vitendo linalofuata wakati, na neno "ndipo" lipo kwa kazi hiyo hasa. "Zima shafti ya zana. Teremsha fyekeo chini. Funga breki. Zima injini, toa ufunguo. Ngoja visu vitulie, ndipo uteremke." Mtu anaweza kuyashika haya kwa moyo, akamfundisha mwenziwe asiyejua kusoma.

La mwisho ni yale maneno makubwa yanayotangulia onyo lenyewe. Vibandiko vya mashine vimepangwa katika daraja tatu, kila moja na rangi yake: nyekundu ni ya jambo ambalo lisipoepukwa litaua au litajeruhi vibaya, ya chungwa ni ya jambo linaloweza kufanya hivyo, na njano ni ya jambo linaloweza kuleta jeraha dogo. Kwa Kiswahili daraja hizo zimeandikwa ovyo: hatari, onyo, tahadhari, angalizo, ilani, zingatia, kila mfasiri na lake, na mara nyingine neno moja limewekwa juu ya rangi mbili tofauti kwenye mashine ile ile. Tunapendekeza "HATARI" kwa nyekundu, "ONYO" kwa rangi ya chungwa na "TAHADHARI" kwa njano, wala yasibadilishane. Neno la kwanza halihitaji kufundishwa. Watu wamelizoea kwenye nguzo za umeme, nao wanajua kwamba kilichoandikwa hivyo hakiguswi. Kwa sababu hiyo hiyo lisitumiwe kwa mambo madogo. Likibandikwa hata kwenye kifuniko cha betri na kwenye sanduku la spana, litaizoesha macho ya dereva kulipita.

Kuna majina ambayo hatujaridhika nayo, na tungeomba msaada wa wasomaji walio karibu na mashine. La kwanza ni la pini inayoishikilia fremu-kinga inaposimamishwa. La pili ni la ile bolti laini iliyowekwa makusudi kwenye shafti ili fyekeo likigonga kisiki ikatike yenyewe na kuiokoa giaboksi, ambayo madereva wengine huibadilisha kwa bolti ngumu wakidhani wanaitengeneza. "Bolti ya kukatika" ndilo jina linalotujia kwa sasa, kwa kuwa linasema kwamba kukatika ndiyo kazi yake. Aliye na jina linalotumika wilayani kwake atuletee, pamoja na maelezo ya nani hulitumia na kwa trekta la aina gani.